Baba yake bibi alikuwa lodi, je cheo kinaweza kuja kwetu?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa Naivasha. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa 1938 kwenye shamba la mzungu, na maisha yake yote alituambia baba yake ndo huyo mzungu mwenyewe, ambaye alikuwa na cheo cha kurithi cha Uingereza na watu walimuita lodi. Hakumuoa mama yake bibi, ila alikuwa akiwaletea nguo na sukari. Bibi ameshafariki. Sasa juzi kaka yangu kapata mtu onlaini anasema ukoo wa huyo mzungu umeishiwa na mrithi wa kiume, na tukipima DNA ikikubali anaweza kutufanyia mpango cheo kije kwetu, anataka dola 1,800 za kuanzia. Nimesoma pia kwamba Lord Erroll alipouawa Nairobi ni binti yake ndo alirithi, kwa hiyo wanawake wanarithi, si ndio? Kaka anataka kuuza ng'ombe wawili. Nisaidie tafadhali.*

Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa hao ng'ombe waacheni walipo, wasitoke zizini mpaka umalize kusoma, na ukimaliza nadhani hata kaka hatataka kuwatoa.

Naona maswali matatu yamefungwa kwenye kifurushi kimoja: je bibi alisema kweli, je damu peke yake inaleta cheo, na je huyo bwana wa onlaini ni mtu wa kuaminika. Huyo bwana anawafunga kwa kulichukua la kwanza, ambalo huenda ni kweli kabisa, akalifanya jibu la la pili. Na hapo ndo watu wengi wanapotea, si nyinyi tu, hata Waingereza wenyewe.

Hicho cheo, usikifikirie kama shamba au pesa za benki ambazo mzee akifa watoto wanagawana. Kifikirie kama wakfu. Sisi watu wa pwani tunajua nyumba ya wakfu ilivyo: aliyeiweka aliandika nani akae, akifa nani afuate, na akishaandika basi, wanaokaa leo hawawezi kuuza, hawawezi kumuachia rafiki, hawawezi hata kumnyima yule aliyetajwa hata kama hawaongei. Cheo cha Uingereza ni hivohivo. Siku kinaundwa mfalme alitoa hati, na ndani ya hati kuna maneno yanayosema kitashuka kwa nani. Mara nyingi sana maneno ni warithi wa kiume wa mwili wake mwenyewe, waliozaliwa kihalali. Hilo neno la mwisho, kihalali, lishike vizuri, tutalirudia.

Sasa tuje kwa Lord Erroll uliyemtaja, maana umesoma sawa lakini umesoma nusu, na nusu iliyobaki ndo tamu.

Josslyn Hay alikuwa Erli wa Erroll wa 22, cheo cha Uskoti cha toka karne ya 15. Hao kina Hay wana kazi ya kurithi pia, ya kuwa Konstebo Mkuu wa Uskoti, waliyopewa na mfalme Robert the Bruce mwaka 1314. Yeye alikuja Kenya miaka ya 1920 na mke wake Idina, wakawa kwenye lile kundi la walowezi wa Happy Valley, baadae akawa na mke wa pili akakaa hapo kwenu Naivasha kwenye jumba la Oserian pembeni ya ziwa. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941 wafanyakazi wa lori la maziwa wakapita barabara ya Karen wakakuta gari aina ya Buick limetumbukia pembeni, taa bado zinawaka, na ndani mtu amekunjamana sakafuni. Alikuwa amepigwa risasi kichwani. Alishtakiwa Sir Jock Delves Broughton, ambaye mke wake kijana alikuwa na mahusiano na marehemu, na mwezi Julai mahakama ikamuachia, na mpaka leo hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Kaburi la Erroll liko Kiambu, kanisani.

Watu wote wanasimulia nani alifyatua. Mimi kwa kazi yangu ya nyaraka kinachonivutia ni kitu kingine: dakika ile ile aliyokata roho, cheo chake kilipasuka vipande viwili.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Diana, wa kwa Idina. Wakati huo yuko Uingereza analelewa na dada yake mama, na alikuwa ametimiza miaka 15 siku 19 tu zilizopita. Huyo msichana akawa Kauntesi wa Erroll wa 23 na akawa Konstebo Mkuu wa Uskoti, bila kuomba wala kupigiwa kura. Lakini baba yake alikuwa na cheo cha pili pia, Baroni Kilmarnock, na hicho hakikwenda kwa Diana, kilimruka kikaenda kwa ami yake Gilbert. Na Gilbert mwaka huo huo akabadilisha hata jina la ukoo, akaacha Hay akajiita Boyd, jina la kina Kilmarnock wa zamani. Yaani baba mmoja, kifo kimoja, vyeo viwili, na kila kimoja kimeshika njia yake.

Kwa nini? Kwa sababu ya karatasi tu. Ule uerli ni wa kale wa Uskoti, na vyeo vingi vya kale vya Uskoti vinaruhusu binti arithi kama hakuna mtoto wa kiume. Wao walishazoea. Mwaka 1717 erli wa 13 alikufa bila mtoto na dada yake Mary akashika cheo, mama mkali kwelikweli, vita vya 1745 vilipotokea akakusanya watu wakapigane upande wa mwana mfalme Charles dhidi ya serikali. Na Mary nae hakuwa na mtoto, cheo kikaenda kwa James Boyd, mjukuu wa dada yake, ambaye akajiita Hay. Huyo James baba yake mzazi alikuwa Erli wa Kilmarnock na alikatwa kichwa London mwaka 1746 kwa vita hivyohivyo na cheo cha upande wake kikafutwa, wakati mtoto mwenyewe alipigana upande wa serikali. Familia hizi zina mambo.

Ule ubaroni sasa ulikuja baadae sana, mwaka 1831, na uliandikwa kwa mtindo wa kawaida wa Uingereza: wanaume tu. Na sababu ya kuundwa ni ya kiofisi kabisa. Toka muungano wa 1707 vigogo wa Uskoti hawakuwa na kiti cha moja kwa moja kwenye Baraza la Malodi, ile nyumba ya juu ya bunge kule London, walichagua wenzao 16 tu wawakilishe. Erli wa 18 alitaka kiti chake mwenyewe, na baba mkwe wake alikuwa mtu mzito, akampa ubaroni wa Ufalme wa Muungano, kiti kikapatikana. Baba mkwe mwenyewe ni mfalme William wa 4.

Hapa sasa mwanangu vuta kiti karibu, maana hapa ndo pana jibu la swali lako lote.

Mke wa huyo erli wa 18, Elizabeth FitzClarence, alikuwa mtoto wa mfalme William kweli kabisa. Hakuna aliyebisha. William aliishi miaka 20 na mwigizaji wa jukwaani aitwaye Dorothea Jordan wakazaa watoto 10, aliwalea, aliwapenda, aliwaozesha vizuri, mkubwa wa kiume akapewa uerli. Lakini hakumuoa mama yao. Mfalme alipofariki 1837 ana watoto wa kutosha wazima wa afya, na kiti cha enzi hakikwenda hata kwa mmoja, kikaenda kwa mtoto wa ndugu yake, binti wa miaka 18 anaitwa Victoria. Watoto wa kuzaa mwenyewe, anaowajua mpaka majina ya kubembelezea, wanakaa pembeni wanaangalia. Kama damu peke yake ingekuwa inatosha, huyo Victoria tusingemsikia. Na Lord Erroll aliyeuawa hapo Karen alishuka moja kwa moja kwa huyo Elizabeth.

Kwa hiyo swali la kwamba wanawake wanarithi: baadhi ya vyeo ndio, vingi hapana. Na kabla hujaniambia kuhusu ile sheria mpya ya Uingereza ya mtoto wa kwanza kurithi awe wa kike au wa kiume, ile ya 2013 ni ya kiti cha enzi tu, vyeo vya familia havikuguswa. Ila kwenu nyinyi tatizo sio bibi alikuwa mwanamke, tatizo liko hatua moja nyuma: umesema mwenyewe hakukuwa na ndoa. Nguo na sukari zinaonyesha mtu alimjua mtoto wake, hazisimami badala ya cheti. Najua inauma kusoma, na sheria hii haimsemi vibaya bibi yenu, inausema ubahili wa walioiandika.

Nikwambie na upande mwingine ili nisikufiche kitu. Kama siku moja ikapatikana karatasi kwamba walifunga ndoa, kanisani au kwa DC, hapo habari inabadilika na inabidi kuangaliwa upya. Hata hivo kwa cheo cha England mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa harithi hata kama wazazi walikuja kuoana baadae, Uskoti ndo kuna nafasi kidogo. Na mtoto wa kuasiliwa pia harithi, toka 2004 anaruhusiwa kutumia tu zile heshima za mbele ya jina wanazotumia watoto wa malodi.

DNA. Huyo bwana anaiuza kama ufunguo, kumbe kwenye mambo haya DNA imejulikana zaidi kwa kunyang'anya. Kulikuwa na kesi ya ubaroneti (cheo cha kurithi cha kuitwa Sir) wa Pringle wa Stichill, cheo cha mwaka 1683. Baroneti wa 10 akafariki 2013, mtoto wake wa kiume anajiandaa kuwa Sir. Ila marehemu enzi za uhai wake alikuwa ametoa sampuli ya DNA kwa ajili ya utafiti wa ukoo wao, na binamu yake alitoa pia, na zikakataa kufanana kwenye mstari wa kiume. Ikaonekana baba wa marehemu hakuwa mtoto wa yule aliyedhaniwa, ambaye ni baroneti wa 8. Majaji wa Privy Council, mahakama ya juu ya huko London, mwaka 2016 wakaamua cheo kimekuwa kwenye mstari usio wake karibu karne nzima, kikaenda kwa binamu. Sasa angalia: DNA inaweza kumtoa mtu aliyezaliwa ndani ya ndoa, lakini haiwezi kumuingiza aliyezaliwa nje. Inafunga mlango, haifungui. Kipimo kikisema kweli nyinyi ni damu ya huyo mzungu, na kinaweza kusema hivo, cheo kitabaki palepale kilipo.

Na ile habari ya ukoo kuishiwa mrithi wa kiume ndo inanichekesha zaidi, maana anaisema kama vile nafasi ya kazi imetangazwa. Cheo kikiishiwa watu waliotajwa kwenye hati, kimekufa. Hakiendi kwa aliyekaribia. Kuna vingine vinalala tu kwa sababu hakuna anayejua mrithi yuko wapi, lakini hivo navyo vinamsubiri mtu wa mstari ule ule wa halali.

Usije ukadhani vyeo havijawahi kuuzwa, la, vimeuzwa, tena na wafalme. Ubaroneti, ambao unakufanya uitwe Sir na mtoto wako baada yako lakini sio ulodi, ulianzishwa na mfalme James wa 1 mwaka 1611 kwa bei iliyojulikana, pauni 1,095, ambayo ni hesabu ya kulipa askari 30 kwa miaka mitatu kule Ulster. Karne ya 20 wakati wa waziri mkuu Lloyd George biashara ikazidi mpaka ikaleta aibu, wakatunga sheria ya 1925, na tokea hapo kununua au kuuza cheo ni jinai. Wanaouza leo onlaini wanauza vitu vinavyofanana: kiwanja cha futi moja ya mraba huko Uskoti na cheti kinachosema wewe sasa ni laird, yaani bwana mwenye ardhi, au ulodi wa kijiji cha kale ambao ni haki ya mali tu na haukupi cheo cha mbele ya jina. Kama zawadi ya kutundika ukutani sawa, mimi sina ugomvi. Lakini huyo wenu hata hicho cheti sidhani anacho.

Tuseme basi, kwa mfano tu, mngekipata. Mngepata nini? Watu wanadhani nyuma ya cheo kuna ngome. Ngome ya kina Erroll, Slains, iko Uskoti juu ya jabali la bahari, erli wa 20 aliiuza 1916, na 1925 ikavuliwa paa. Leo ni kuta tu na upepo. Josslyn alikuja kurithi cheo mwaka 1928 bila ngome, na hilo jumba la Oserian lilitokana na mke wake wa pili. Binti yake nae kiti cha Baraza la Malodi hakukipata mpaka 1963, sheria ilipobadilishwa ikawaruhusu wanawake wenye vyeo vyao waingie na Waskoti wote bila kuchaguana, na sheria hiyohiyo ikawaruhusu wasiotaka vyeo wavikatae. Mwaka 1999 wakaondolewa karibu wote wakabaki 92, na mtoto wa Diana, Merlin Hay, erli wa sasa, alikuwa mmoja wao. 2024 serikali ikapeleka muswada wa kuwaondoa na hao. Kinachobaki ni heshima, na zile siku za sherehe. Kwenye kutawazwa kwa malkia 1953 Diana akiwa Konstebo Mkuu ni ami yake Kilmarnock ndo alisimama badala yake, yule yule aliyechukua ubaroni, na 2023 kwa mfalme Charles, Merlin akasimama mwenyewe. Ni fahari, sikatai. Lakini ng'ombe wawili wa maziwa wana faida zaidi kila asubuhi.

Sasa mfanye nini. Cheo kwa maoni yangu kiacheni, na sisemi hivi kwa kukukatisha tamaa, nasema kwa sababu kwa uliyonieleza hakuna mlango. Anayedai cheo kihalali hapiti kwa wakala, anapeleka ushahidi wa vyeti, vizazi, ndoa na vifo, kwenye ofisi ya Crown Office London ambako kuna daftari rasmi la vyeo toka 2004, na kama ni baroneti kuna daftari lao. Uraia wa Uingereza pia, kama mtu atawaletea hiyo habari kesho, kwa kawaida haufiki mpaka kwa kitukuu.

Lakini hadithi ya bibi isiachwe ipotee. Hiyo inatafutika na ni haki yenu. Kama shauku ni kujua tu, pimeni DNA kwenye kampuni inayojulikana, ile ya kutemea mate kwenye kichupa, bei yake haifiki hata robo ya alichotaka huyo bwana, mkae mkijua kuna uwezekano wa kupata binamu wa Uingereza kwenye orodha na kuna uwezekano wa kupata jina ambalo hamkulitegemea kabisa, na binamu mwenyewe anaweza akafurahi au akakata simu. Mkubaliane kwanza nyumbani, hasa mama yako, maana matokeo ni yake kabla hayajawa yenu. Sambamba na hiyo tafuteni kitabu cha ubatizo kama bibi alibatizwa mtoto, mapadri waliandika vitu ambavyo hata familia haikujua, halafu mtu aende Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue Nairobi atafute mafaili ya wilaya na ya mashamba ya miaka hiyo ya 1930. Na kaeni na wazee waliofanya kazi shamba lile au watoto wao, simu mkononi mkirekodi. Hao wanaondoka kila mwaka na karatasi hazijui nani alileta sukari.

Kuna mahali pa kuacha kusoma majibu ya mtu kama mimi na kwenda kukaa mbele ya wakili uso kwa uso. Mkiwa na karatasi yoyote yenye jina la bibi au mama yake iliyotoka kwa huyo mzungu, wosia, barua ya kuahidi kipande cha ardhi, stakabadhi ya ada ya shule, hiyo ni habari ya mali na haihusiani na cheo, ina muda wake wa kisheria na msiicheleweshe. Mkikuta cheti cha ndoa, vilevile. Na kama kaka ameshamtumia huyo bwana picha ya kitambulisho au pasipoti, au ameshalipa chochote, nendeni benki na polisi wa makosa ya mtandao wiki hii, na meseji zote mzihifadhi, msifute kwa aibu. Nimeona watu wenye digrii mbili wamelipa zaidi ya hizo.

Kabla hamjamblokia kuna swali moja muulizeni: hati iliyounda hicho cheo ni ya mwaka gani, na kwenye kipengele cha warithi imeandikwa maneno gani hasa? Akijibu, nitumie alichoandika nikisome.